Je, naweza kufungwa kwa kuacha kazi? Meneja ananitajia sheria ya Waingereza ya mwaka 1351

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpishi katika hoteli moja huku Arusha. Nina mkataba wa miaka miwili na imebaki miezi minane. Hoteli nyingine imeniita kwa mshahara mnono zaidi. Nilipomweleza meneja, akanijibu kwamba kuacha kazi kabla ya muda ni kosa la jinai, kwamba Bunge la Uingereza lilipitisha sheria hiyo mwaka 1351, kwamba iko hai mpaka leo, na sisi tuliirithi kwa kuwa Tanzania inafuata sheria za Kiingereza. Nilicheka. Lakini usiku nikaingia mtandaoni nikakuta sheria ya namna hiyo kweli ilikuwepo, na nikakuta pia kwamba kuna sheria ya 1351 ambayo haijafutwa. Mpwa wangu anayesoma sheria naye akaniambia kuna kifungu kinachosema tunatumia sheria za Uingereza za tarehe 22 Julai 1920. Sasa sicheki tena. Je, naweza kufungwa? Na iweje bunge, chombo cha wananchi, litunge sheria ya kuwazuia wananchi kudai mshahara?"*

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: hapana, hufungwi kwa kuacha kazi ya upishi, iwe umebakiza miezi minane au siku nane. Ila usifunge virago kesho asubuhi. Mkataba wa muda maalumu una masharti yake, na hayo hayakutoka kwa mfalme yeyote wa Kiingereza. Nitayafikia huko mbele. Ukiwa na haraka, ruka moja kwa moja. Swali lako la pili ndilo lililonikalisha chini niandike kirefu.

Kwanza nimtendee haki meneja wako. Hajazua kitu. Sheria ya kumfunga kibarua aliyeacha kazi ilikuwepo. Sheria ya 1351 iliyo hai mpaka leo ipo. Kifungu cha mpwa wako nacho kipo. Mambo matatu ya kweli, lakini yakifungwa pamoja yanatoa uongo. Tuyafungue moja moja.

Tauni iliingia Uingereza kiangazi cha 1348 kupitia pwani ya kusini, katika jimbo la Dorset. Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata ilikuwa imeua watu wengi kiasi kwamba wanahistoria wanabishana tu kama ni theluthi ya wakazi wote au karibu nusu. Mashamba yalibaki, ng'ombe walibaki, ngano ilikuwa imesimama inangoja mundu. Kilichokosekana ni mikono. Kibarua aliyenusurika akajikuta na kitu ambacho baba yake hakuwahi kuwa nacho: uwezo wa kusema "kwa bei hiyo siji" na kweli asiende, kwa sababu shamba la pili lilikuwa linamngoja.

Bunge lililokuwa likutane mwanzoni mwa 1349 halikukutana, kwa sababu ya tauni hiyohiyo. Hivyo hatua ya kwanza haikuwa ya bunge kabisa. Tarehe 18 Juni 1349 Mfalme Edward III na baraza lake walitoa amri, nasi hapa tutaiita Amri ya Vibarua. Ilisema kwamba kila mwanamume au mwanamke mwenye nguvu, aliye chini ya miaka 60, awe huru au mtwana, asiyeishi kwa biashara wala ufundi na asiye na shamba lake la kumshughulisha, ni lazima amtumikie yeyote atakayemhitaji. Ujira uwe ule wa mwaka wa ishirini wa utawala wa mfalme, yaani wa kabla tauni haijaingia. Na mtumishi akiondoka kabla ya muda waliopatana, bila ruhusa wala sababu ya msingi, aende gerezani. Hapo ndipo anapotokea meneja wako. Lakini shika na sentensi iliyofuata, maana nitairudia: yeyote atakayempokea mtoro huyo na kumpa kazi, naye apate adhabu hiyohiyo.

Amri haikushika. Mwezi Februari 1351 bunge lilipokutana Westminster, wawakilishi walilalamika kwamba watumishi hawaijali, na kwamba hawakubali kufanya kazi mpaka walipwe mara mbili au tatu ya walichozoea. Ndipo ikatungwa Sheria ya Vibarua yenyewe, na hii ilishuka mpaka kwenye vijipesa. Seremala mkuu peni 3 kwa siku, seremala wa kawaida 2. Mwashi mkuu wa mawe 4. Mwezekaji wa nyasi 3, na kijana wake peni moja na nusu. Anayeanika majani ya mifugo peni moja. Mvunaji peni 2 kwa siku katika wiki ya kwanza ya Agosti, 3 katika wiki ya pili. Hayo yote bila chakula wala kinywaji juu yake. Wewe uliye mpishi utaelewa kwa nini waliona haja ya kuandika hilo: mwenye shamba aliyeogopa kuonekana anazidisha ujira alikuwa anaweza kuongeza nyama na pombe mezani, na kibarua akajua wapi pa kwenda.

Sheria ikaendelea. Watu wa mashambani waajiriwe kwa mwaka mzima au kwa vipindi vilivyozoeleka, si kwa kutwa. Wavunaji na wakataji nyasi waje mjini sokoni na zana zao mkononi, waajiriwe hadharani, si kwa kunong'onezana pembeni ambako bei hupanda. Mara mbili kwa mwaka waapishwe mbele ya wasimamizi wa mabwana na makonstebo wa vijiji kwamba watafuata sheria. Atakayekataa kuapa afungwe miguu kwenye mkatale siku tatu au zaidi, au apelekwe gereza la karibu. Na kila kijiji kikaamriwa kiwe kimetengeneza mkatale wake kabla ya Pentekoste.

Ajabu ni kwamba walijua pa kulegeza. Mtu hakuruhusiwa kuhama kijiji wakati wa kiangazi ikiwa kazi ilikuwepo pale alipo, isipokuwa watu wa Staffordshire, Derbyshire, Lancashire, wa eneo la Craven, na wa mipakani mwa Wales na Scotland. Hao waliruhusiwa kuja kuvuna mwezi Agosti na kurudi kwao salama, kama walivyozoea. Bila wao mavuno yangeozea shambani, na waliotunga sheria walilijua hilo vizuri, kwa sababu mashamba yenyewe yalikuwa yao.

Sasa tunaingia kwenye swali lako la pili. Unapowaza bunge, unawaza kura ya kila mtu mzima. Katika bunge la 1351 kila kaunti ilipeleka wapiganaji wa farasi wawili wenye cheo, na hao walikuwa wenye ardhi. Miji nayo ilipeleka wafanyabiashara wake. Mabwana wakubwa na maaskofu waliitwa mmoja mmoja kwa barua ya mfalme. Kibarua hakuwa na mtu ndani. Kwa hiyo lile halikuwa bunge la wananchi lililowageuka wananchi. Kwa sehemu kubwa lilikuwa mkutano wa waajiri na mfalme wao, na walizungumza kuhusu bei ya kazi kama waajiri wangezungumza popote. Mwaka 1429 bunge lenyewe likaandika waziwazi nani anastahili kuchagua wawakilishi wa kaunti: mwenye ardhi huru inayompatia shilingi 40 kwa mwaka. Sababu iliyotolewa ni kwamba uchaguzi ulikuwa unajaa watu wengi wasio na mali, wakidai sauti yao ni sawa na ya wakubwa. Ili uone ukubwa wa shilingi 40, chukua sheria ya mishahara ya 1388: mwendesha mkokoteni alipangiwa shilingi 10 kwa mwaka mzima. Kigezo hicho cha shilingi 40 kikadumu zaidi ya miaka 400.

Nitakuwa sijawatendea haki nikiishia hapo, maana bunge hilohilo ndilo lililomfundisha mfalme kwamba kodi mpya haipatikani bila kusikiliza malalamiko. Utaratibu wa kutunga sheria ulizaliwa katika kujadiliana huko. Wawakilishi walileta ombi kwa maandishi. Mfalme alijibu kwa Kifaransa cha mahakama: kama amekubali, "mfalme anataka", kama hataki, "mfalme atafikiri", na kila mtu alijua maana yake. Ombi lililokubaliwa halikuwa sheria bado. Majaji na washauri wa mfalme walikaa baadaye wakaandika sheria yenyewe, mara nyingi wabunge wakiwa wameshatawanyika makwao. Ndipo ikaingizwa kwenye gombo na nakala zikapelekwa kwa masherifu wazisome hadharani katika mahakama za kaunti. Unaona tundu lilipo? Kilichoombwa na kilichoandikwa havikufanana kila mara. Wawakilishi walinung'unika muda mrefu, mpaka mwaka 1414 wakamwomba Henry V kwamba isitungwe sheria kwa ombi lao kisha maneno yakabadilishwa maana.

Katika suala la vibarua, hata hivyo, mfalme na wawakilishi walikuwa kitu kimoja, na pesa iliwaunganisha zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1350 faini walizotozwa vibarua ziliruhusiwa kupunguza kodi ambayo eneo lao lilidaiwa na mfalme. Fikiria hapo: kila kibarua aliyetozwa kwa kulipwa vizuri alimpunguzia jirani yake mzigo wa kodi. Na mahakimu walioteuliwa kusikiliza kesi hizo walitoka katika tabaka lilelile la wenye mashamba. Ndiyo maana sheria hii ilitekelezwa kwa bidii kuliko nyingi za wakati ule.

Je, ilifaulu? Kwa muda iliuma sana, kisha ikaanza kuvuja, na kila ilipovuja bunge likaziba kwa kitu kikali zaidi. Mwaka 1361 iliamriwa mtoro aweze kupigwa chapa ya moto kwenye paji la uso, herufi F, alama ya udanganyifu. Mwaka 1363 likageukia mavazi na chakula: mtumishi asivae kitambaa cha bei fulani, asile nyama au samaki zaidi ya mara moja kwa siku. Sheria hiyo ya mavazi haikufika mbali; bunge lililofuata likaifuta. Mwaka 1388, bunge lilipokutana Cambridge, ikawa mtumishi haondoki katika eneo lake bila barua yenye muhuri wa mfalme inayoeleza anakwenda wapi na atarudi lini, na aliyelima mpaka umri wa miaka 12 abaki kuwa mkulima hadi kufa. Mwaka 1406 mzazi asiye na ardhi ya kumwingizia shilingi 20 kwa mwaka akakatazwa kumpeleka mwanawe kujifunza ufundi mjini. Katika sheria hiyohiyo, kwa namna nisiyochoka kuishangaa, wakaongeza kwamba kila mzazi, wa hali yoyote, yuko huru kumpeleka mwanawe au binti yake shule. Mlango mmoja wakaupiga kufuli, mwingine wakauacha wazi, ndani ya karatasi moja.

Pamoja na yote hayo, ujira ulipanda. Waajiri wenyewe ndio walioibomoa sheria yao, maana kila mmoja aliipenda kwa jirani na kuikwepa kwake. Mwaka 1390 bunge likakubali kwamba viwango vya jumla havishiki, likawapa mahakimu wa amani kazi ya kupanga ujira kwa kuangalia bei za vyakula za mahali pao.

Katikati ya hayo kulikuwa na Juni 1381. Kodi ya kichwa ya peni 12 kwa kila mtu ndiyo iliyowasha moto, lakini kuni zilikuwa zimekusanywa miaka thelathini. Waasi walipokutana na kijana Richard II huko Mile End, tarehe 14, kati ya madai yao lilikuwepo hili: mtu asimtumikie mwingine isipokuwa kwa hiari yake na kwa mapatano. Mfalme alikubali akatoa hati. Wiki chache baadaye hati zikafutwa, na bunge lilipokutana Novemba likaulizwa kama lingependa watwana waachwe huru. Jibu lao lilikuwa kwamba hawatakubali kamwe, hata kama wangekufa wote siku moja.

Turudi kwa meneja. Yaelekea amechanganya sheria mbili za jina moja la mwaka. Ya kwanza ni hiyo ya vibarua, ya Februari 1351. Ya pili ni Sheria ya Uhaini, inayoitwa ya 1351 pia, ingawa kwa hesabu yetu ilitungwa na bunge lililoanza Januari 1352. Waingereza wa wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, hivyo Januari yao ilikuwa bado 1351. Hiyo ya uhaini ndiyo iliyo hai mpaka leo kwao, ingawa imepunguzwa sana. Inahusu kupanga kifo cha mfalme, kupigana naye vita katika nchi yake, kuwasaidia maadui zake. Haihusu mpishi anayehama hoteli. Kilichoikaribia kesi yako ni kipande kilichohesabu mtumishi kumuua bwana wake kuwa aina ya uhaini, nacho kilifutwa 1828. Ile ya vibarua ilimezwa na sheria kubwa ya ajira ya Elizabeth I ya mwaka 1563, na mwaka 1863 ikafagiwa rasmi kutoka vitabuni.

Sasa kifungu cha mpwa wako. Yuko sahihi: kipo katika sheria yetu, Sura ya 358, kifungu cha 2(3). Kinasema Mahakama Kuu itafuata kwanza sheria zilizoandikwa za Tanzania. Pale zinapoacha pengo, itafuata kanuni zilizojengwa na hukumu za majaji wa Uingereza, kanuni za usawa, na sheria za bunge lao za matumizi ya jumla zilizokuwa na nguvu kule tarehe 22 Julai 1920. Kenya wana kifungu kama hicho, chenye tarehe yao ya 12 Agosti 1897. Mwulize mpwa wako swali moja tu: sheria iliyofutwa Uingereza mwaka 1863 ilipataje kuwa na nguvu Uingereza mwaka 1920? Haikuwa nayo. Imekwama kwenye kizuizi cha kwanza. Hata ingepita hapo, ingekutana na sheria zetu wenyewe za kazi, ambazo ndizo zinazotangulia, kisha na sharti kwamba cha Kiingereza kinatumika pale tu hali ya nchi na watu wake inaporuhusu.

Nisikufanye uamini kwamba kila kilichotoka karne ya 14 kilikuwa kimekufa tarehe hiyo. Sheria ya 1381 ya kukataza kuingia kwa nguvu katika ardhi ya mtu, iliyotungwa kwa hofu ya uasi ule ule, iliendelea kuwa hai Uingereza mpaka 1977. Umri wa sheria peke yake haukuambii kama ni mzima au maiti.

Hata hivyo, hofu uliyoisikia usiku ule ina mizizi hapa kwetu. Wazo la kumfunga aliyeacha kazi halikuja Afrika Mashariki kwa kifungu cha 1920. Lilikuja kwa mlango mwingine. Uingereza lilirithishwa kutoka sheria moja hadi nyingine: kufikia 1823 mfanyakazi aliyeiacha kazi aliweza kufungwa hadi miezi mitatu, wakati mwajiri aliyevunja mkataba alidaiwa pesa tu. Vyama vya wafanyakazi vilipigana nalo mpaka mwaka 1875 likafutwa. Miaka 31 baadaye, mwaka 1906, serikali ya kikoloni ikatunga katika Kenya sheria ya mabwana na watumishi yenye wazo lilelile, na Tanganyika ikapata yake mwaka 1923. Kutofika kazini au kuondoka bila ruhusa kukawa kosa la faini au jela. Mwafrika aliletewa kitu ambacho Mwingereza kibarua alikuwa ameshakitupa.

Na kipande, ile hati ya kibarua? Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1910, mwanamume alilazimishwa kutembea nacho kikiwa ndani ya kikopo cha bati shingoni, kikiwa na alama za vidole, majina ya waajiri na ujira wake, na bila saini ya mwajiri aliyemwachilia hakuweza kuanza kwingine. Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na wazee wa mashamba ya mkonge wanakikumbuka. Sina ushahidi kwamba aliyebuni kipande alisoma sheria ya 1388. Hakuhitaji kuisoma; mwenye shamba anayekosa vibarua hufika hapo mwenyewe. Mwaka 1955 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa kufuta adhabu za jinai za namna hii. Kwa hiyo meneja wako anaweza kuwa anarudia alichosikia kwa babu yake aliyekuwa mnyapara, akakitafutia tarehe ya zamani ili kipate uzito.

Ukumbuke ile sentensi ya 1349 kuhusu anayempokea mtoro. Hiyo ndiyo iliyoacha mbegu. Majaji wa Kiingereza walijenga juu yake haki ya mwajiri kumshtaki anayemvutia mtumishi wake. Mwaka 1853 ikaja kesi ya mwimbaji Johanna Wagner, aliyekuwa na mkataba na ukumbi wa Benjamin Lumley, naye Frederick Gye akamshawishi aende kwake. Jaji mmoja, Coleridge, alipinga akisema haki hiyo ni mtoto wa sheria za vibarua na haiwezi kuvutwa hadi kwa wasanii. Wenzake wakamshinda kwa kura. Tangu hapo mtu anayemshawishi mwingine kwa makusudi avunje mkataba anaweza kudaiwa fidia, na kanuni hiyo, kwa kuwa ni ya majaji, imo katika zile tulizopokea. Kwa hiyo kama yupo mtu katika kisa chako anayeweza kuguswa na mkono wa karne ya 14, si wewe. Ni hoteli mpya. Na hata hiyo itadaiwa pesa tu, kwa kesi ya madai, tena mpaka ithibitike ilijua mkataba wako na ikakuchochea uuvunje.

Haya, mambo ya leo. Mahusiano yako na mwajiri yanasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kuacha kazi humo si jinai. Kinyume chake, kumlazimisha mtu kazi ndiyo jinai. Lakini mkataba wako ni wa muda maalumu, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema mfanyakazi wa mkataba wa namna hiyo haondoki njiani isipokuwa mwajiri amevunja mkataba kwa jambo zito, au wawili mmekubaliana kuumaliza mapema. Ukiondoka kienyeji, mwajiri anaweza kudai fidia ya hasara aliyoipata kweli, na hasara hiyo ni juu yake kuithibitisha.

Kwa hiyo usome mkataba wako kabla ya kusoma historia. Tafuta kifungu cha kuvunja mkataba mapema. Mikataba mingi ya hoteli inacho, na mara nyingi kinataja notisi ya mwezi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28, na ukikataa kufanya kazi ndani ya notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata katika malipo yako kiasi cha siku hizo. Kama kifungu hakipo, njia bora kwa maoni yangu ni mazungumzo: andika barua ya heshima, omba mkubaliane tarehe, jitolee kumfundisha atakayeshika jiko, na mkikubaliana mwandikiane. Mameneja wengi wakishaona barua, hasira hushuka. Njia ya pili ni kuiomba hoteli mpya ingoje, au ilipe yenyewe gharama ya wewe kuachiliwa. Njia ya tatu, kutoweka tu baada ya mshahara, siishauri. Haikufungi, lakini inakunyima nguvu ya kudai chako: ujira wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyabeba. Kama ulisaini kurudisha gharama za mafunzo, kama meneja ameshikilia vyeti vyako halisi, kama ameita polisi, au kama jikoni unashika stoo, funguo au pesa na anaanza kutaja upotevu, nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Upotevu hasa usiuchukulie kimzaha, maana tuhuma ya wizi ni jinai kweli, na ni njia inayotumiwa kumtisha anayehama. Kabidhi kila kitu kwa maandishi, mkisaini wote wawili. Anza kwa afisa kazi wa mkoa au chama chako. Sekta ya hoteli wapo CHODAWU. Mgogoro ukishakomaa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale muda una makali: siku 30 kama unapinga kuachishwa kazi, 60 kwa migogoro mingine. Sheria za kazi hurekebishwa, kwa hiyo mwambie wakili au afisa akuoneshe kifungu kilivyo leo.

Ukienda, beba mkataba wenyewe wote, si ukurasa wa saini peke yake, hati za mishahara za miezi ya karibuni, na barua ya hoteli mpya. Hiyo barua ya mwisho usiisaini mpaka uwe umejua tarehe utakayoachiliwa.